Kusoma Kabla ya Kuhesabu: Kanzidata za Marejeleo na Utafiti wa Rwanda

Mhadhara kwa wahadhiri, wakutubi na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, Kigali



Katika vyuo vingi vya ukanda wetu, majina ya Scopus na Web of Science husikika zaidi kwenye vikao vya kupandisha vyeo kuliko kwenye meza za maktaba. Mhadhiri anayetaka kuwa profesa mshiriki huulizwa ana makala ngapi zilizoorodheshwa humo. Mwanafunzi wa uzamivu huambiwa achapishe katika jarida linalotambuliwa, na kutambuliwa huko maana yake ni kuwamo katika orodha ya kampuni fulani ya Ulaya au Marekani. Ni nadra mtu kuulizwa swali jingine ambalo ndilo la kwanza: amesoma nini kwa msaada wa kanzidata hizo, na amegundua nini ambacho asingekigundua bila hizo? Hoja yangu leo ni moja. Kanzidata ya marejeleo ilibuniwa iwe chombo cha kusomea. Sisi tumeipokea kama mizani ya kupimia watu. Tukiirudisha kwenye kazi yake ya asili, itatufaa sana, hata pale inapotunyima haki. Tukiendelea kuitumia kama mizani peke yake, itatuumiza hata pale takwimu zake zilipo sahihi.

Tuanze na asili yake, kwa sababu asili ndiyo inayotuonyesha kusudi. Mwaka 1873 huko Illinois, Marekani, Frank Shepard alianza kuwauzia mawakili orodha zilizoonyesha, kwa kila hukumu ya mahakama, hukumu za baadaye zilizoitaja: zipi ziliifuata, zipi ziliitengua. Wakili hakutafuta humo sifa za hakimu. Alitaka kujua kama hukumu anayotaka kuitegemea bado imesimama. Mwaka 1955, Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza utaratibu huohuo utumike kwa sayansi, na sababu aliyoitanguliza ni kwamba msomi mwangalifu anapaswa kujua kama kazi anayoirejelea imekosolewa, imepitwa na wakati au imethibitika kuwa ya uongo. Taasisi yake ya Philadelphia ilitoa faharasa ya kwanza kubwa ya marejeleo ya sayansi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikichambua majarida 613 ya mwaka 1961. Hiyo ndiyo mama wa Web of Science ya leo. Mwaka 2004 zikaja Scopus, mali ya kampuni ya Elsevier, na Google Scholar. Yote yaliyofuata, yakiwamo mashindano ya vyuo na hesabu za watu binafsi, yalijengwa juu ya chombo kilichokusudiwa kumsaidia msomaji asidanganyike.

Chombo chenyewe hufanyaje kazi? Kila makala ya kitaaluma hutaja kazi zilizoitangulia. Kanzidata hukusanya mitajo hiyo na kuigeuza, ili ukiwa na makala moja mkononi uweze kuona zile ilizozitegemea na pia zile zilizokuja baadaye kuitegemea. Orodha ya marejeleo iliyo mwishoni mwa makala hukupeleka nyuma tu, lakini kanzidata hukupeleka mbele. Chukueni mfano ulioanzia hapahapa Kigali. Mwaka 2020, Aline Uwimana wa Kituo cha Tiba na Afya cha Rwanda na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Medicine ushahidi kwamba vimelea vya malaria vyenye badiliko la kinasaba liitwalo R561H vimeibuka nchini Rwanda, na kwamba badiliko hilo huvipa vimelea ustahimilivu dhidi ya artemisinini, yaani nguzo ya dawa mseto zote tunazozitegemea. Sampuli zilitokana na wagonjwa wa kati ya 2012 na 2015, na huko Masaka, pembezoni mwa jiji hili, badiliko hilo lilipatikana kwa asilimia 7.4 ya wagonjwa waliochunguzwa.

Mtafiti kijana akiishika makala hiyo na kurudi nyuma, atafika kwenye makala ya Frédéric Ariey na wenzake katika jarida la Nature mwaka 2014, iliyoonyesha kwa vimelea vya Kambodia kwamba mabadiliko katika jeni ya K13 ndiyo alama ya ustahimilivu huo. Hapo ataelewa uzito wa swali ambalo kundi la Kigali lilipaswa kulijibu: je, vimelea hivi vimesafiri kutoka Asia, au vimezaliwa hapa? Jibu lao lilikuwa kwamba vimezaliwa hapa. Akienda mbele, atakuta makala ya 2021 katika Lancet Infectious Diseases, ambamo watafiti wa Rwanda walionyesha kwamba wagonjwa wenye vimelea hivyo huchelewa kusafishika damu. Mwaka huohuo atakuta kazi ya kaskazini mwa Uganda katika New England Journal of Medicine, iliyokuta mabadiliko mengine ya jeni hiyohiyo. Kisha atazifikia tafiti za Tanzania zilizoikuta R561H mkoani Kagera, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Hadithi nzima ya hatari inayolikabili bonde la Kagera na Ziwa Viktoria inajifungua mbele yake kwa asubuhi moja, kwa mpangilio wa wakati na kwa kuvuka mipaka ya nchi. Mtafiti ambaye hakupita njia hiyo anaweza kutumia ruzuku ya miaka mitatu kuuliza swali lililokwisha kujibiwa, au kuandika pendekezo la sera linalotegemea hali ya mwaka 2015.

Kuna pia njia ya kwenda ubavuni. Mwaka 1963, M. M. Kessler alionyesha kwamba makala mbili zinazorejelea kazi zilezile huenda zinashughulikia jambo moja hata kama waandishi wake hawafahamiani. Mwaka 1973, Henry Small akaonyesha upande wa pili: kazi mbili zinazotajwa pamoja mara kwa mara huwa na udugu wa hoja. Faida ya njia hizi kwa mtu anayechunguza Rwanda ni kubwa kuliko kwa mtafiti wa nchi nyingi nyingine, kwa sababu hapa majina yamebadilika mno. Anayetafuta kwa neno Huye hataona kilichoandikwa kuhusu Butare kabla ya 2006, na anayetafuta Butare hataona kilichoandikwa kuhusu Astrida wakati wa Wabelgiji. Neno Rwanda halitamletea nyaraka za Ruanda-Urundi. Maneno ya Kiingereza hayatamletea kazi za miongo mingi zilizoandikwa kwa Kifaransa kabla elimu yetu haijahamia Kiingereza kuanzia 2008. Rejeleo halijali tahajia wala lugha. Mwandishi wa Kiingereza wa 2015 aliyetaja ripoti ya Kifaransa ya 1958 amekwisha kujenga daraja, nasi tunavuka tu. Ndiyo maana nasema utafutaji kwa maneno peke yake haumtoshi mtafiti wa nchi hii.

Lakini haki hainiruhusu nisifu bila kupima. Malaria inahudumiwa vizuri na kanzidata hizi kwa sababu ni taaluma inayoandikwa kwa makala fupi, kwa Kiingereza, katika majarida makubwa. Tutazame historia, taaluma ambayo nchi hii inaihitaji kwa uzito usiopungua ule wa tiba. Padri Alexis Kagame alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda mwaka 1956 huko Brussels, na muhtasari wake wa historia ya Rwanda ukafuata katika miaka ya 1970. Jan Vansina, aliyefanya utafiti nchini mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa na taasisi ya IRSAC iliyokuwa na kituo Astrida, alitoa mwaka 1962 kitabu kilichopinga mpangilio wa tarehe ambao Kagame alikuwa amekwisha kuutoa. Mwaka 2001 akatoa kingine kuhusu ufalme wa Wanyiginya, akiyaacha baadhi ya maoni yake mwenyewe ya awali. Mwanafunzi anayenukuu tarehe za wafalme kutoka kwa Kagame bila kujua mjadala huo anafanya kosa lilelile alilotaka Garfield tuepushwe nalo. Hata hivyo mjadala huo umo zaidi katika vitabu vya Kifaransa, na vitabu ndivyo vinavyoonekana hafifu katika kanzidata kubwa. Wala jarida la Dialogue, lililoanzishwa Kigali mwaka 1967, wala Études rwandaises la Chuo Kikuu cha Taifa, huwezi kulifuatilia humo kama unavyolifuatilia jarida la London. Anayeamini kwamba kisichoonekana katika Scopus hakipo, ataandika historia ya Rwanda bila Wanyarwanda walioiandika.

Kwa nini pengo hilo lipo? Sehemu ya jibu ni uchumi wa enzi ya karatasi. Garfield aliona kwamba majarida machache hubeba sehemu kubwa ya marejeleo ya sayansi yote, na kwa kuwa kuchapa faharasa kulikuwa ghali, aliridhika na kiini hicho. Majarida ya Afrika yakabaki nje ya mlango, si kwa hukumu iliyopitishwa baada ya kuyasoma, bali kwa hesabu ya gharama. Leo gharama ya kuhifadhi kumbukumbu moja zaidi imekaribia sifuri, na Scopus peke yake ina kumbukumbu zaidi ya milioni 90, lakini umbo la kiini cha zamani limebaki. Uchunguzi wa Philippe Mongeon na Adèle Paul-Hus, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Scientometrics, ulionyesha kwamba Web of Science na Scopus zote mbili zinaelemea sayansi asilia na tiba, na zinaelemea Kiingereza kwa gharama ya lugha nyingine. Jarida lisilo na vichwa na ikisiri za Kiingereza haliwezi kuingia Scopus. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo mizizi yake inafika kwenye Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, limejenga taaluma nzima ya isimu na fasihi ya lugha hii. Taaluma hiyo haikuwa duni siku moja kwa sababu mashine ya Philadelphia haikuisoma.

Sasa tufike kwenye mizani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, taasisi ya Garfield ilianza kutoa kila mwaka kipimo cha athari cha majarida: idadi ya mara ambazo makala za miaka miwili iliyopita zimerejelewa mwaka huu, ikigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Mkutubi alikihitaji ili aamue jarida gani alilipie. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo cha mtu binafsi, kile cha herufi h: mtu mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10. Ni hesabu nyepesi, na wepesi wake ndio ulioiponza. Kurejelewa si kusifiwa. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilifutwa rasmi na jarida hilo mwaka 2010, lakini ni miongoni mwa makala zilizotajwa sana, nyingi zikiitaja ili kuikanusha. Mizani haioni tofauti. Tena kipimo cha jarida hakisemi lolote la hakika juu ya makala moja iliyomo humo, kwa sababu makala chache hubeba marejeleo mengi na nyingi hupata machache. Anayemtathmini mhadhiri kwa wastani wa jarida anamtathmini kwa kazi za watu wengine.

Madhara yake kwetu yanaonekana. Mahali ambapo idadi ndiyo ngazi ya cheo, soko la kuuza idadi huota. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Denver, aliweka kwa miaka kadhaa orodha ya wachapishaji aliowashuku kuwa walaghai, mpaka alipoiondoa Januari 2017. Orodha imekwenda, walaghai wamebaki: barua pepe zenye sifa tele, uhakiki wa siku tatu, ada ya dola mia kadhaa, na jarida linalodai kuwamo katika kanzidata ambayo ukiifungua hulikuti. Hapo ndipo kanzidata, ikitumiwa kama chombo cha kusomea, inatulinda dhidi ya madhara ya kuitumia kama mizani. Kabla ya kupeleka makala, ingia mwenyewe katika orodha ya vyanzo vya Scopus, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Usiamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya jarida. Angalia kama jarida limeondolewa, kwa maana Scopus huyaondoa yanayoharibika. Kisha fanya la muhimu zaidi: soma makala zake tano za karibuni, utazame nani amezirejelea na kwa hoja gani. Jarida ambalo makala zake hazijibiwi na mtu yeyote ila waandishi wake wenyewe, hata likiwa halali, halitakupa mazungumzo unayoyatafuta.

Kuna pingamizi zito kwa haya, nami sitalipita kando. Wapo viongozi wa vyuo wanaosema kwamba hesabu, kwa mapungufu yake yote, ni kinga dhidi ya upendeleo. Kamati inayojidai kusoma inaweza kumpandisha rafiki na kumzuia mpinzani. Namba haina ndugu wala mkoa. Katika nchi iliyoona kwa uchungu usio na kifani mahali ambapo upendeleo wa watawala ulituongoza, hakuna mwenye haki ya kulidharau neno hilo. Lakini namba nayo ina ndugu zake. Inampendelea mwenye taaluma inayochapisha kwa haraka, aliyejiunga na mradi mkubwa wa kigeni wenye waandishi 60, na anayeandika kwa Kiingereza. Inamwadhibu mwanahistoria anayeandika kitabu kwa miaka sita na mwanaisimu anayeandika kwa Kinyarwanda. Dawa ya upendeleo ni uwazi wa kusoma. Mwombaji achague kazi zake tatu au nne, aeleze kwa maandishi kila moja imeongeza nini. Wahakiki kutoka chuo kingine, tuseme Dar es Salaam, Makerere au Bujumbura, wazisome na kuandika ripoti itakayotunzwa, na hesabu ya marejeleo iambatane kama ushahidi mmoja miongoni mwa mingine. Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012, na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 yanasema jambo hilohilo: takwimu ziunge mkono uamuzi wa wasomaji, zisiuchukue mahali pake.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa. Wapo wanaosema: chombo hiki ni cha wenyewe, kimejengwa kwa maslahi ya wachapishaji wakubwa, basi tukiache na tujitegemee. Hasira hiyo ina msingi, na hata Ulaya wameanza kuisikia. Chuo Kikuu cha Sorbonne kilitangaza mwishoni mwa 2023 kwamba kinaachana na Web of Science, na kituo cha taifa cha utafiti cha Ufaransa kikaacha kulipia Scopus mwaka 2024. Aprili 2024, Azimio la Barcelona likazitaka taasisi ziweke wazi taarifa za utafiti. Lakini tuangalie vizuri wanachokifanya. Hawaachi kufuatilia marejeleo. Wanahamia mahali ambapo marejeleo ni mali ya umma. OpenAlex, iliyozinduliwa Januari 2022 na kupewa jina kwa heshima ya maktaba ya kale ya Alexandria, imekusanya kazi zaidi ya milioni 200, zikiwamo nyingi ambazo Scopus haizijui, na mtu yeyote aliyeko Nyagatare au Rusizi mwenye intaneti anaifungua bure. Kujitenga kungetuacha bila ramani. Kinachotufaa ni kuingia katika ramani iliyo wazi na kuandika humo sehemu yetu.

Na hapa nafika kwenye jambo lililo mikononi mwetu wenyewe. Kanzidata hujua kile ilichoandikishwa. Sehemu ya kutoonekana kwetu inatokana na upendeleo wa wengine, lakini sehemu nyingine inatokana na kumbukumbu tunazoziacha zikiwa chafu. Tuanze na majina ya watu. Programu hizi ziliundwa kwa desturi ya watu wenye jina la ukoo linalorithiwa. Mnyarwanda kwa kawaida hupewa jina lake mwenyewe, ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawashiriki jina, na jina la Kinyarwanda huandikwa mara mwanzo, mara mwisho. Matokeo yake mtu mmoja hugawanyika kuwa watatu, na watu ishirini wanaoitwa Uwimana au Habimana hukusanywa kuwa mmoja. Dawa ipo tangu 2012: namba ya ORCID, ambayo mtafiti huipata bure kwa dakika chache na hukaa naye maisha yote, hata akibadili chuo au mpangilio wa jina. Kisha majina ya taasisi. Mwaka 2013 vyuo na taasisi saba za umma ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, kikiwamo Chuo Kikuu cha Taifa kilichoanza Butare mwaka 1963 na KIST ya Kigali iliyoanzishwa 1997. Kazi za nusu karne zimetawanyika chini ya majina ya Kifaransa, ya Kiingereza na ya vifupisho. Kuziunganisha chini ya chuo kimoja ni kazi ya mkutubi mwenye orodha na subira, na matokeo yake ni kurudishiwa urithi ambao ni wetu kwa haki.

Vilevile majarida yetu. Jarida la Afrika halihitaji kusubiri huruma ya Scopus ili lionekane. AJOL, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo makao yake yako Afrika Kusini, inabeba majarida zaidi ya 500 ya bara hili, yakiwamo ya Rwanda na yale ya Kiswahili ya Dar es Salaam. Jarida likiipa kila makala kitambulisho cha kudumu kupitia Crossref na kuwasilisha pamoja nacho orodha ya marejeleo, viungo vyake vinaingia katika OpenAlex bila kuomba ruhusa ya mtu. Tangu Januari 2023 Crossref imewaondolea ada ya uanachama wachapishaji wa nchi nyingi zenye kipato kidogo. Lililobaki ni nidhamu: toleo litoke kwa tarehe yake, uhakiki uwe wa kweli na utaratibu wake uelezwe hadharani, ikisiri iwepo kwa Kiingereza pamoja na lugha ya makala. Kuongeza ikisiri ya Kiingereza kwenye makala ya Kiswahili au Kinyarwanda hakumpunguzii mwandishi heshima. Kunamfungulia msomaji wa Hanoi au São Paulo mlango wa kujua kwamba kuna jambo la kusomwa hapa. Na sisi wenyewe turejeleane. Mwandishi wa Kigali anayemtaja mtaalamu wa mbali kwa jambo ambalo mwenzake wa Huye alilithibitisha kabla, anaidhoofisha ramani kwa mkono wake.

Atakayeuliza kuhusu gharama, swali lake ni halali, na jibu lake ni jepesi kuliko inavyodhaniwa. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na ambao sasa ni sehemu ya Research4Life, unazipa taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida bila malipo. Google Scholar ni bure, na upana wake unafaa kwa vitabu na tasnifu, ingawa haichuji walaghai na hesabu zake zina marudio. Kwa hiyo mtafiti makini hatumii moja. Anaanza na pana, anathibitisha kwa iliyochujwa, anamalizia kwa OpenAlex na AJOL kwa ajili ya kazi za bara hili, na kwa historia anarudi kwenye rafu za maktaba. Na kwa wale wanaodhani programu za akili unde zimemaliza kazi hii, waangalie marejeleo zinazoyatoa: mara nyingine yana jina la jarida la kweli, mwaka unaowezekana, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Kinachotofautisha rejeleo la kweli na la kubuni ni kulifuata mpaka kwenye chanzo chake, na hilo ndilo kanzidata inalotuwezesha kulifanya.

Basi nawaomba nini? Wakuu wa vyuo, ondoeni katika masharti ya vyeo swali la makala ngapi, mweke mahali pake swali la zimeongeza nini, na mwalipe wahakiki wa nje muda wao wa kusoma. Wahariri, lindeni tarehe za matoleo yenu na mwandikishe kila makala pamoja na marejeleo yake. Wakutubi, mna kazi ambayo hakuna kampuni ya nje itakayoifanya kwa uaminifu wenu: kuunganisha majina ya watafiti na taasisi za nchi hii, na kuwafundisha wanafunzi kufuata rejeleo nyuma, mbele na ubavuni tangu mwaka wa kwanza wa uzamili. Wasimamizi wa tasnifu, msipokee sura ya mapitio ya maandiko ambayo mwanafunzi hawezi kueleza ni nani aliyeipinga kila kazi kuu anayoitegemea. Nanyi wanafunzi, mkiifungua kanzidata, msianze kwa kutafuta majina yenu wala hesabu za walimu wenu. Anzeni na makala moja mnayoiamini, mtafute aliyeijibu. Utafiti wa Rwanda utaheshimiwa pale ambapo kila anayeandika juu ya nchi hii atalazimika kutusoma, na hatuwezi kumlazimisha mtu atusome kabla sisi wenyewe hatujasomana.